Kinyaa na Tarehe za Majitaka

Jina la Kinyaa hakupewa na wazazi wake. Alipewa na dada yake mkubwa, siku alipokataa kunywa maji kwa sababu jirani alikuwa amekohoa. Jirani alikohoa barazani. Maji yalikuwa chumbani, ndani ya mtungi, yamefunikwa. Mtoto akakisukuma kikombe kando, akasema hataki, yamekoholewa. Dada akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Huyu si mtoto. Hiki ni kinyaa kimeota miguu." Jina likamganda. Akakua nalo, akaenda nalo shule, na hata leo ukimuulizia kwa jina la cheti hakuna atakayekuelekeza.

Msidhani ni maringo. Wenye maringo tunawajua. Huyu alikuwa anaumia kweli. Akikuta unywele kwenye mchuzi, hali tena mpaka kesho yake. Akipanda ngazi hashiki chuma. Ukimpa mkono ataupokea, ana adabu zake, lakini baada ya hapo utamwona anautembeza ule mkono mbali na mwili kama mtu aliyebeba samaki wa mwenzake, mpaka apate bomba. Wachumba wawili walimkimbia. Wa pili aliondoka siku aliyomkuta anafuta kijiko ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kukifuta. "Mimi naolewa na mtu," alisema, akichukua mkoba wake, "siolewi na kitambaa."

Sasa mtu wa namna hiyo, jamani, riziki yake ikaenda kuangukia wapi? Ofisi ya majitaka.

Ndiyo, hiyo hiyo mnayoifikiria. Ofisi yenye magari ya kunyonya, yale ya tangi kubwa na mpira mnene kama chatu, yakipita mtaani watu wazima wanaziba pua na watoto wanashangilia. Magari yalilala chini uani. Kinyaa alikaa ghorofani, dirisha limefungwa mvua na jua, akiandika programu. Alikuwa amesomea kompyuta kwa sababu moja tu, na hakuificha. "Kompyuta," alikuwa akisema, "ina jambo moja jema kuliko binadamu. Hainuki."

Dereva mmoja wa magari yale, mzee wa kazi waliyemwita Manukato, hakuacha siku ipite bila kumchokoza. Alikuwa anapanda ngazi makusudi, anasimama mlangoni na buti zake.

"Kinyaa, mwanangu, habari za huko peponi?"

"Nzuri, mzee. Simama hapo hapo."

"Niingie nikusalimie vizuri?"

"Salamu imefika, mzee wangu. Imefika yote."

Manukato anacheka mpaka anakohoa, na Kinyaa anahama kiti.

Kazi aliyoifanya pale ilikuwa nzuri, na kila mtu aliisifu. Zamani mtu choo chake kikijaa alikuwa anakwenda ofisini kupanga mstari. Kinyaa akatengeneza ukurasa kwenye tovuti: unaandika nyumba yako na shida yako, unatuma kwa simu, umemaliza. Dereva naye akishanyonya shimo anaandika tarehe aliyonyonya. Vyote vinaingia ghala moja la taarifa. Na kila asubuhi, kabla watu hawajafika kazini, skripti ya Kinyaa, kipande kidogo cha programu, inaamka yenyewe na kuliuliza lile ghala swali moja: nyumba hii iliyolalamika, je, ilinyonywa siku ile ile ya malalamiko au baada yake? Jibu likiwa ndiyo, lalamiko linafungwa na mwenye nyumba anatumiwa ujumbe: *Ndugu mteja, tatizo lako limeshughulikiwa. Asante kwa uvumilivu wako.* Maneno hayo aliyatunga Kinyaa mwenyewe. Hilo neno uvumilivu alilipenda.

Mitaani watu walishazoea jambo moja la ajabu kuhusu ofisi ile. Walisema, "Choo kikijaa mwanzo wa mwezi, jikaze. Lalamika mwisho wa mwezi, ndipo wana moyo." Mama alimwambia jirani, jirani akamwambia mpangaji mpya. Wengine walidai ni kwa sababu mwisho wa mwezi wafanyakazi wana mishahara, roho zimetulia. Ofisini nao walikuwa wameliona, ila kwa upande wao: mwanzo wa mwezi madereva wanacheza karata kivulini, mwisho wa mwezi hawapumui. Meneja alilieleza hilo kikaoni kwa kalamu na ubao. Wananchi, alisema, hawana mazoea ya kulalamika mapema. Kinyaa aliitikia kwa kichwa pamoja na wenzake.

Dada yake mkubwa ndiye aliyekuwa amemlea baada ya wazazi kufariki. Alikuwa na kituo cha watoto wadogo uani kwake. Akina mama wakienda kazini wanamwachia watoto, anawalisha uji, anawafundisha kuhesabu, anawalaza mkekani, jioni anawarudisha kila mtu na kamasi zake. Ndiyo kazi yake, ndiyo maisha yake, hana nyingine. Na mwaka ule, mwezi wa tano ulipoanza, chemba ya choo chake ikajaa.

Alituma malalamiko. Kesho yake akapata ujumbe: limeshughulikiwa. Akatoka nje kutazama. Kifuniko cha chemba kilikuwa kimeanza kuinuka upande mmoja, kitu cheusi kinapumua chini yake. Akatuma tena. Akashukuriwa tena kwa uvumilivu. Mara ya tatu akampigia mdogo wake.

"Kinyaa, gari lenu halijafika."

"Limefika, dada. Naliona hapa."

"Unaliona wapi?"

"Kwenye mfumo."

"Basi njoo umsaidie huyo mfumo kunusa."

"Dada, labda wamekuja ukiwa sokoni."

"Wamekuja wakanyonya, wakarudisha?"

"Mambo mengine unayakuza. Kachemba kakivuja kidogo wewe unasema mafuriko."

"Sawa," dada akasema, "mtoto wa mama," akakata simu. Ilikuwa rahisi kwa Kinyaa kuamini skrini. Kuiamini kulikuwa na maana kwamba hana haja ya kwenda kutazama.

Baada ya siku chache akaja Bibi Afya, mkaguzi wa afya wa eneo lile, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Alizunguka ua mara moja, akaziba pua kwa ncha ya mtandio, akaandika. "Mwalimu," akamwambia dada, "mimi nakuheshimu. Lakini watoto na kitu hiki haviwezi kukaa ua mmoja. Nakupa mpaka Ijumaa. Nikikuta hali hii, nafunga." Na kituo kikifungwa wazazi hawangoji; watampeleka mtoto kwingine na hawatamrudisha. Dada alilijua hilo, Kinyaa alilijua, hata Bibi Afya alilijua, na ndiyo maana alisema akitazama chini.

Jumatatu Kinyaa akalazimika kwenda.

Alivaa viatu vyake vya kazini kwa sababu hakuwa na vingine visivyokuwa vizuri. Alianza kuisikia ile harufu akiwa bado kwenye kona ya mtaa. Kwanza tamu, tamu kabisa, kama tunda lililosahauliwa ndani ya mkoba. Halafu utamu ukavuka ukawa kitu kingine, kikamkaa nyuma ya ulimi na kukataa kumezwa. Alipofungua geti aliona ua ukimeremeta. Kilichomeremeta hakikuwa maji. Kilikuwa kimetandaa kutoka kwenye chemba mpaka karibu na mkeka, kijivu, na juu yake kimetengeneza ngozi kama ile ya maziwa yaliyopoa, na juu ya ngozi nzi wa kijani walikuwa wakitembea taratibu kama wageni waalikwa. Watoto walikuwa wamepangiwa matofali ya kuvukia. Walivuka kwa ustadi, mikono wameinyoosha, wanaimba hesabu.

"Mjomba, kanyaga tofali la pili!" mmoja akapiga kelele. "La kwanza linateleza!"

Alikwisha kulikanyaga la kwanza.

Mguu uliingia mpaka kwenye kifundo. Ulikuwa vuguvugu. Hilo ndilo lililommaliza, jamani, lile vuguvugu. Akatapika pale pale, ameshika ukuta kwa mikono yote miwili, yeye asiyeshika chuma cha ngazi. Watoto wakaacha kuhesabu, wakajipanga kumtazama. Kisha yule wa tofali akauliza, "Mwalimu, na hayo ya mjomba tutaweka tofali?"

Dada alimletea ndoo ya maji na sabuni. Hakumcheka. Angecheka ingekuwa nafuu.

Alirudi ofisini amevaa kandambili za dada yake. Alimpita Manukato getini, na Manukato akageuka kumchokoza, akautazama uso wake, akampisha. Kinyaa akapanda juu, akaifungua programu aliyoiandika mwenyewe, akaitafuta nyumba ya dada.

Ilikuwapo. Imenyonywa mara ya mwisho: 27/02. Imelalamika: 06/05. Hali: imefungwa.

Akasoma tena. Mwezi wa pili na mwezi wa tano. Hata mlevi anajua upi ulitangulia. Lakini yeye alikuwa amezihifadhi tarehe kama maandishi matupu, siku kwanza, kisha mwezi, kisha mwaka, kama tunavyozitamka sote. Na kompyuta ukiipa maandishi mawili ukaiuliza lipi kubwa, haina habari na miezi. Inafanya kama mtu anayepanga maneno ya kamusi: inatazama alama ya kwanza ya hili na alama ya kwanza ya lile. Chungwa litatangulia embe, hata kama embe liliiva jana na chungwa bado ni ua. Ikaona mbili ya ishirini na saba, ikaona sifuri ya sita. Mbili ni kubwa. Basi shimo limenyonywa baada ya malalamiko. Funga. Tuma ujumbe. Asante kwa uvumilivu wako.

Alipoijaribu mwanzoni aliijaribu kwa tarehe za mwezi mmoja, kumi na mbili kwa ishirini, ikajibu sawa, akaenda zake kunawa mikono.

Na ule moyo wa mwisho wa mwezi? Ndio huo. Ukilalamika tarehe ishirini na nane, lalamiko lako linaanza na mbili, linazishinda tarehe nyingi za zamani, linabaki wazi, gari linakuja. Ukilalamika tarehe nne, una sifuri mbele, unamezwa. Jiji zima lilikuwa limejifunza kubana tumbo kwa kufuata kosa lake.

Kinyaa akahisi kama mtu aliyekunywa glasi ya maziwa mpaka mwisho ndipo akamwona mende chini. Maana uchafu wa wenzake alikuwa ameuzoea, kwa maana ya kuukimbia. Huu ulikuwa umetoka mikononi mwake. Akaandika swali jipya, safari hii akiigeuza kila tarehe kuwa tarehe ya kweli, mwaka utangulie, mwezi ufuate, siku imalizie, akaliuliza ghala: ni malalamiko mangapi yalifungwa na gari halikwenda? Skrini ikaanza kushuka. Ikashuka, ikashuka. Akayasoma.

*Tunaweka matofali ili tuvuke.* Hilo halikuwa la dada. Lilikuwa la mtaa mwingine kabisa. *Mama yangu hatoki kitandani na dirisha lake liko juu ya chemba, tafadhali.* Wiki iliyofuata, nyumba hiyo hiyo: *Mmesema mmekuja. Mlikuja saa ngapi, sisi tukiwa wapi?* Na tena: *Nimeziba dirisha la mama kwa godoro.* Baada ya hapo mtu huyo hakuandika tena. Kila lalamiko lilikuwa limejibiwa kwa maneno yale mazuri.

Akaenda kwa Meneja.

Meneja alikuwa anachokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu. Alikitoa, akakitazama kwa makini, akakirudisha kwenye kalamu. Kinyaa akatazama dari.

"Bosi, programu yangu inadanganya watu."

"Watu gani?"

"Wanaolalamika mwanzo wa mwezi."

Akaeleza. Meneja hakuwa mjinga, alielewa haraka kuliko alivyotarajiwa, na swali lake la kwanza likawa, "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi hajui mtu." Akavuta kiti karibu. "Kijana wangu, wiki ijayo wakubwa wanakuja kutazama ofisi yetu. Tumesifiwa kwa kumaliza malalamiko. Sasa unataka niwafungulie nini pale? Bahari?"

"Ipo pale pale, bosi. Uifungue, usiifungue."

"Yale ya zamani yamefungwa, yabaki yamefungwa. Rekebisha kuanzia malalamiko mapya, taratibu, bila kelele. Wahenga walisema, mavi ya kale hayanuki."

"Yananuka, bosi. Nimetoka kuyakanyaga."

Meneja akamtazama miguuni, akaziona kandambili za waridi, akaelewa hata hilo, maana onyo la Bibi Afya lilikuwa limekwisha kufika mezani kwake. Akabadilisha sauti, ikawa ya baba. "Ni kwa dada yako, siyo? Ungesema. Gari linakwenda kwake leo hii, mchana huu. Kituo hakifungwi, Ijumaa anampikia Bibi Afya chai. Umeridhika?"

Nisiwadanganye, Kinyaa aliridhika. Ulimi ulikuwa umeshakaa tayari kusema ahsante. Akaomba dakika moja, akaenda bombani kunawa, akanawa mpaka viwiko, na ile harufu haikutoka. Ilikuwa imeingia puani ikafanya makao. Akawaza kwamba atakuwa amekaa ghorofani, dirisha limefungwa, anamtumia mtu aliyeziba dirisha la mama yake kwa godoro shukrani za uvumilivu, na safari hii atakuwa anajua. Akafunga bomba, mikono ikiwa bado na povu. Kumbe kuna kitu kinachonuka kuliko chemba.

Hakurudi kwa Meneja. Alikwenda kwenye kiti chake akayafungua yote, kila lalamiko lililofungwa kwa uongo, akazipanga nyumba kwa foleni, aliyeanza kulia atangulie, akawatumia madereva kwenye simu zao. Nyumba ya yule mama wa kitandani ilikuwa juu. Nyumba ya dada ilikuwa mbali chini, kwa sababu dada alikuwa na shida ya mwezi huu, na wengine walikuwa na shida ya tangu mwaka jana.

Meneja aliposikia simu za madereva zinalia uani zote kwa pamoja, alitoka akasimama mlangoni. "Sawa," akasema. "Foleni umeipanga wewe. Na dada yako akae ndani yake. Nisimwone dereva hata mmoja anakata kona."

Kinyaa akampigia dada, akamweleza habari ya foleni.

"Sisi wa ngapi?"

"Tuko chini, dada. Manukato anasema watafanya safari za ziada. Tukijaliwa, Ijumaa asubuhi kabla Bibi Afya hajafika."

"Tukijaliwa. Na bosi wako alisema nini?"

Kinyaa hakujua kusema uongo kwa dada yake. Hakupata nafasi ya kujifunza. "Alisema atakupa gari leo."

"Ukasemaje?"

"Nimekataa."

Alisikia watoto nyuma ya dada wakiimba, tano, sita, saba, wanavuka.

"Mimi," dada akasema polepole, "niliyekuosha wewe mavi mpaka ukapata akili ya kuyaogopa. Mimi ndiye unanipangia foleni."

"Dada, kuna mama mmoja—"

"Sikukuuliza habari za mama yeyote. Mama huyo ana mtoto anayemhangaikia. Mimi nina wewe."

Magari yakatoka. Tangu ofisi ianzishwe hayajawahi kutoka hivyo mwanzo wa mwezi. Manukato alikwenda mwenyewe kwenye nyumba ya godoro, akarudi hana utani. Alipanda ngazi, akasimama mlangoni, akasema tu, "Yupo hai. Dirisha wamelifungua," akashuka.

Foleni ilikwenda vizuri mpaka Jumatano. Alhamisi asubuhi simu ya Kinyaa ikalia.

"Mwanangu," Manukato akasema, "uko na akili zako?"

"Kuna nini, mzee?"

"Hili shimo uliloniletea nimelinyonya jana. Limebaki unyevu tu, hata mende wamehama. Unataka nilipige deki?"

Na dereva wa pili naye vilevile, na wa tatu. Watu waliposikia magari yanatembea kweli, walikuwa wameamka Jumatano wakalalamika upya, wasije wakasahauliwa. Ukurasa wa tovuti ulirekodi siku na saa: Jumatano, saa tatu asubuhi. Gari likaja mchana ule ule. Lakini dereva anaandika siku tu, haandiki saa, na tarehe isiyo na saa kompyuta inaihesabu kuwa ile saa sita ya usiku siku inapoanza. Kwa hiyo kwa macho yake gari lilikuja usiku wa manane, watu wakalalamika baadaye asubuhi, basi nyumba bado inadai, na irudishwe mbele ya foleni, kwa kuwa ilianza kulia zamani. Nusu ya magari yalikuwa yamevuka jiji kwenda kunyonya mashimo makavu.

Kinyaa akarekebisha, madereva wakaambiwa waandike na saa. Ilimchukua muda mfupi kuliko kuoga. Lakini asubuhi ya Alhamisi ilikuwa imekwenda, na haikurudi, na ile tukijaliwa ya Ijumaa ikaenda nayo. Akaketi akiitazama mikono yake. Mara mbili, kosa la tarehe, mtu yule yule. Akaona kama ndani ya kichwa chake mwenyewe kuna kitu kimetengeneza ngozi juu.

Ijumaa Bibi Afya alifika mapema. Kinyaa alikuwa pale tangu alfajiri na koleo na ndoo, amejifunga taulo puani, anachota kutoka kwenye ua na kumwaga kwenye pipa, anasimama, anatapika, anaendelea. Alikuwa amepunguza ziwa likawa dimbwi. Bibi Afya alimtazama kitambo.

"Wewe ndiye yule wa programu?"

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba. Gari linakuja lini?"

"Jumatano ijayo, kwa foleni."

"Foleni aliyoipanga nani?"

"Mimi."

Bibi Afya akapiga ulimi, isijulikane ni dharau au kitu kingine, akafunga geti kwa mnyororo. "Mpaka Jumatano ijayo hiyo. Likinyonywa nakuja kufungua. Siyo kabla."

Akina mama walikuwa wameshika watoto wao nje ya geti, wanatazamana, mmoja amekwisha toa simu kumuuliza shangazi yake kama anajua kituo kingine. Dada aliona simu ile. Aliona na kila kitu kilichokuwa nyuma yake. Akajifunga kanga kiunoni.

"Jamani, msihangaike," akasema kwa sauti kubwa. "Kituo hakijafungwa, kimehama. Kuanzia sasa hivi mpaka Jumatano tuko kwa mdogo wangu. Nyumba nzima anakaa peke yake. Bibi Afya, kaikague."

"Dada," Kinyaa akasema ndani ya taulo.

"Nyamaza, wewe uko kwenye foleni."

Bibi Afya alikwenda kweli. Alipitisha kidole juu ya kabati, akakitazama, akakuta hakuna kitu. Aliingia chooni akakaa humo kitambo kirefu, akatoka na sura ya mtu aliyetoka kuzuru mahali patakatifu. "Miaka yote ya kazi hii," akasema, "sijaona. Mtu anaweza kulia chakula humu." Kinyaa akaziba mdomo. "Watoto waingie."

Wakaingia. Waliingia na viatu. Kabla ya saa nne ya asubuhi kochi lake jeupe lilikuwa na uji, pazia lilikuwa na kamasi kwa urefu wa mtoto wa miaka mitatu, na mmoja alikuwa amenyonya kitasa cha mlango kwa sababu, alieleza, kilikuwa cha baridi. Yule wa tofali alitembea na mswaki wa mwenye nyumba mdomoni, anaulizia wake uko wapi. Kinyaa alisimama katikati ya sebule mikono juu, kama mtu anayevuka mto. Kila alipogeuka kuna kitu kilichokuwa kikavu na sasa kimelowa.

Dada alikuwa jikoni anapika, mgongo umemgeukia. Hakuwa amesema naye neno zima tangu getini. Lakini mama yule wa simu alikuwa amemwacha mtoto wake, na wote walikuwa wamewaacha wao, na dada alikuwa anaimba chinichini.

Kitu kikamvuta suruali. Kilikuwa kitoto kidogo kuliko wote, kimekunja magoti, kinamtazama kwa macho makubwa ya dharura.

"Mjomba. Nimebanwa."

"Dada!" Kinyaa akaita. "Kuna mtu huku amebanwa."

"Haja kubwa au ndogo?"

Kinyaa akainama, akauliza. Kitoto kikafikiri.

"Kubwa."

"Kubwa, dada!"

"Basi mpeleke," dada akasema, bila kugeuka, anaonja uji. "Mbele ya foleni yupo yeye."

Kinyaa akavuta pumzi ndefu, akaishikilia, akaushika ule mkono mdogo uliolowa, akaenda.